Spika ya Kati

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo mume wangu ameniomba nikafunge televisheni ya mke wake.

Aliomba huku akinywa chai yangu, kwa kikombe changu, ameegemea mto wangu. "Mama Ifrah," akasema, "wewe ndiye fundi wa nyumba hizi. Nikimleta mtu wa nje ataharibu." Nyumba hizi! Tangu Agosti mimi ni mke wa nyumba hizi.

Nimechukua daftari hili la maandalio ya masomo, lina kurasa nyingi tupu, niandike humu nisije nikamwaga chai ya moto mahali pasipofaa. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoolewa nayo. Kerrow ni Msomali wa hapa Garissa. Mimi Qabale ni Mborana wa upande wa Wajir. Kisomali nakielewa chote, ila nikikisema mawifi zangu hucheka. Kwa hiyo miaka kumi na minne tumependana, tumegombana na kumlea Ifrah kwa Kiswahili. Sasa ameoa msichana wa Lafey, Hani, miaka ishirini na mitatu, na kule hahitaji kutafuta neno.

Lakini hilo silo linaloniuma leo. Mwaka jana mimi ndiye nilimwambia: tununue televisheni kubwa na spika za kuzunguka chumba, tuchukue kompyuta ndogo, niiwekee mfumo wa Linux kama zile za maabara ya shule, tuweke humo sinema, mawaidha na video za harusi, tuwe na ukumbi wetu hapa nyumbani. Nilimchorea mpaka picha. Akasema, tutaona. Kumbe alikuwa anaona kweli. Amenunua televisheni mbili zinazofanana, kwa sababu dini inataka wake walingane, na kompyuta ndogo mbili. Spika amepata seti moja tu. Ya pili, eti, itafuata kutoka Nairobi. Na hiyo moja imekwenda nyumba gani? Sina haja ya kuandika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekataa. Nimemwambia nina karatasi za kusahihisha.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekubali. Nataka kuiona hiyo nyumba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeiona. Vyumba viwili, sebule ina magodoro mekundu kwenye kuta tatu, na mapazia yana vishada vya dhahabu. Yangu hayana vishada. Hani alinipokea kwa mikono miwili akaniita abaayo, dada. Ni mrembo. Nimeandika, basi, yameisha.

"Karibu, abaayo. Kerrow anasema wewe unajua kombyuta kushinda fijana wa Nairobi," akasema kwa lafudhi ya kwao, p ni b na v ni f. Nilitamani awe na kiburi, ingekuwa rahisi.

Linux haikunichukua hata saa moja. Nilichomeka flashi, nikajibu maswali yake, nikaweka programu ya kupanga sinema, na picha ikajaa ukuta. Taabu ilikuwa spika. Maelekezo yanamtaka msikilizaji akae katikati ya chumba, spika tatu mbele yake, mbili nyuma yake, na wufa, ile ya besi, pembeni. Nani hukaa katikati ya chumba hapa kwetu? Katikati ni pa sinia ya chai. Watu wanakaa ukutani, kwa hiyo spika za nyuma zikaishia masikioni mwa wageni. Ilinibidi nizipandishe juu karibu na dari na kuziinamisha.

Hani akaenda dukani kutafuta maziwa ya ngamia ya kunipikia chai. Alipokuwa nje nilifanya jaribio. Linux ina sauti ya mwanamke mmoja wa Kizungu anayetaja kila spika kwa zamu: mbele kushoto, kati, mbele kulia, nyuma. Zote zililia. Mwanamke yule alitembea chumba kizima, na alipofika kwenye spika ya kati nilimsikia ni kama amekaa pale nami. Ilikuwa vilevile nilivyomchorea Kerrow. Macho yakanijaa machozi kwenye sebule ya mke mwenzangu.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Nilifungua mpangilio wa sauti nikachagua njia mbili badala ya sita, na programu ya sinema nikaiacha iendelee kutuma sita. Maana yake spika mbili za mbele zinalia na nyingine zote zimekaa kama mapambo. Na spika ya kati ndiyo hubeba maneno ya watu. Muziki na vishindo hupita pembeni. Hani atapata ngoma na bunduki. Maneno hatayapata. Ni kubofya mara moja tu, na kurudisha pia ni kubofya mara moja.

Nimeacha pia mlango wa kuingilia kompyuta ile kutoka kwenye simu yangu, kwa ajili ya matengenezo. Ndivyo nilivyojiambia.

Chai ilikuwa tamu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimechungulia kwa simu: kwa Hani imewashwa saa kumi na mbili jioni, imezimwa saa tatu. Ilikuwa zamu yake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Imewashwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Hani amepiga simu. "Abaayo, nisamehe nakusumbua. Gari kwa filamu inalia fizuri sana. Watu wanafungua mdomo lakini hawasemi kitu."

"Linux inahitaji muda kuizoea nyumba," nikamwambia kwa sauti yangu ya darasani. Akaamini. Wanafunzi wangu wasingeamini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Zamu yangu. Kerrow kaja na tikiti maji na sifa. "Ile sauti ya kule, Mama Ifrah! Inazunguka chumba kizima. Mbele, nyuma, kila mahali! Ila sinema za siku hizi watu hawaongei, wanapigana tu." Nimecheka mpaka nikapaliwa. Akadhani nafurahia kazi yangu.

Nitaandika sababu ya kicheko hicho, kisha daftari nitalificha chini ya sare za zamani za Ifrah. Sikio la kushoto la Kerrow limekufa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alikuwa akileta ng'ombe kwa lori kutoka Banissa, nami nikapandia Wajir nikitoka kuwasalimia watu wetu. Tuliposimama njiani akainama kukagua gurudumu, likapasuka karibu na kichwa chake. Damu ilitoka kidogo, basi. Tangu siku hiyo upande huo hasikii hata radi. Aliniapisha palepale barabarani nisimwambie mtu yeyote, hata mama yake. Kwa watu wake, mwenye kasoro hupewa jina kwa kasoro hiyo, akaitwa hivyo sokoni na msikitini, na wajukuu zake pia wakatambulishwa kwa jina hilo. Kerrow hakutaka kuwa Kerrow Dhegoole, Kerrow Kiziwi. Nikaapa. Nilisema Wallahi, sitasema kwa mtu.

Na hajajulikana mpaka leo. Yeye ni dalali wa mifugo, na pale sokoni bei haitamkwi. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa wakabanana vidole, kimoja, viwili, kiganja kizima, na aliyesimama hatua moja kando hajui lolote. Ni biashara ya kimya, inamfaa. Nyumbani mimi hukaa kulia kwake. Kwa miaka yote hii sijakaa kushoto. Dada zake wanasema ana maringo, akiitwa haitiki. Mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Hani ana vishada vya dhahabu. Mimi nina sikio la Kerrow.

Ijumaa, 24 Oktoba

Shule zimefungwa. Matone ya kwanza ya mvua yameanguka saa tisa alasiri, na Ifrah, ambaye ana miaka kumi na miwili na hujiona mtu mzima, ametoka nje kuruka. Hani amepiga simu mara mbili. Sikupokea.

Jumanne, 28 Oktoba

Kerrow amenipeleka mwenyewe kwa Hani mchana, nikaangalie "kasoro ndogo". Nimekula chakula chao. Nilikaa ukuta wa mlangoni nikawatazama.

Hani amempa mahali pa heshima, katikati ya ukuta wa mbele. Upande wake wa kulia ameuacha kwa wageni. Yeye amekaa kushoto, karibu na mlango wa jikoni, ili aweze kunyanyuka kuleta kitu. Ni adabu nzuri, mama yake alimfunza vizuri. Na kila alichosema kilipotea. Alimuuliza kama nyama imeiva sawasawa. Kimya. Akamwambia jirani amejifungua. Kimya. Akaniangalia haraka, kuona kama nimeona, akatabasamu kwa aibu. Sauti yenyewe ni ndogo, ya mtoto aliyekuzwa na watu wakali.

Ningeweza kusema, "Hani, hamia huku kwenye hewa." Maneno matano. Yasingevunja kiapo wala mbavu. Badala yake niliongeza wali kwenye sahani yangu.

Kuhusu spika nikasema waya unahitaji kubadilishwa, nitaagiza. Waya hauna tatizo lolote.

Jumatatu, 3 Novemba

Spika zangu zimefika! Zimekuja juu ya lori la vitunguu, zinanuka vitunguu, sijali. Nimefunga siku nzima, Ifrah akinishikia ngazi. Kisha nikafanya jambo ambalo maelekezo hayalijui. Nimekusanya sauti zote sita nikaziunganisha kuwa moja, nikaielekeza kwenye spika ya kulia kwa mto wa Kerrow, kwa kimo cha sikio lake zima. Sauti haizunguki chumba. Mtu mwenye masikio mawili angesema fundi hajui kazi.

Kerrow kaja, kakaa, taarifa ya habari ikaanza. Baada ya dakika tano akaniangalia. "Ya kwako ni safi kuliko ya kule," akasema. "Nasikia hata wanavyopumua."

Nimelala kwa furaha mbaya.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Zamu ya Hani, lakini Kerrow amekuja kwangu kutazama taarifa ya habari, akakaa mpaka saa tatu. Kwa mujibu wa dini hiyo ni haki ya Hani anayoila. Nilipaswa kumwambia. Nimemwongezea chai.

Jumapili, 9 Novemba

Amekuja tena siku isiyo yangu. Kwa Hani haikuwashwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mto Tana umepanda, watu wa mashamba ya chini wanahamisha mbuzi na magodoro. Kerrow amelalamika leo, tena bila mimi kumuuliza. "Yule msichana ananong'ona. Nikimwambia aseme kwa sauti analia. Sijui wamenipa mke au paka." Kisha akanishika goti. "Wewe nakusikia, Qabale."

Hajaniita Qabale tangu Ifrah azaliwe. Nilingoja miezi mitatu kusikia neno hilo, na lilipokuja lilikuwa na kitu ndani yake, kama mchanga kwenye wali. Ananisikia kwa sababu nimekaa kulia. Mtu yeyote akikaa kulia atasikika.

Jumanne, 18 Novemba

Kerrow ameondoka asubuhi kwenda Hagadera kununua mbuzi, siku mbili tatu. Saa nane mchana, mvua inapiga bati, mlango umegongwa. Hani. Amelowa mpaka nguo zimemshika mwilini, na mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Nikampa taulo na kanga. Hakutaka chai. Aliweka mfuko kwenye sinia, na ndani yake kulikuwa na rimoti ya televisheni na kibodi ndogo ya ile kompyuta.

"Hii ni za kwako, abaayo," akasema. "Mimi naenda kwetu Lafey na basi ya kesho. Televisheni bia chukua. Mimi sitaki kitu ya kuangalia tu mdomo ya watu."

Nikamuuliza wamegombana nini. Akasema hawajagombana, kugombana kunataka watu wawili.

"Mimi naongea, yeye ananyamaza. Tangu Agosti. Nilifikiri ni mtu ya kimya, sawa. Lakini nilimwona kwako, abaayo. Ile siku nilileta sahani yako, nilisimama kwa dirisha. Wewe uliongea bolebole sana, na yeye akacheka. Ulisema kidogo tu, na alicheka! Televisheni yangu na yako ni moja. Kwa nini kwako inasema na kwangu hasemi? Mume ni mmoja. Kwa nini kwako anasikia?"

Nilimsikia ananionea wivu, mimi, na jambo hilo halikuwahi kupita kichwani mwangu hata mara moja.

Akaendelea, akiangalia rimoti. "Juma lililobita nilimwambia jambo. Alikuwa anakula. Nikamwambia kwa lugha yetu: Kerrow, nina mtoto wako tumboni. Nilikuwa nimetafuta siku nzima vile nitasema. Akaendelea kutafuna. Akamaliza, akasema chumfi imezidi, akaenda msikitini."

Akaisogeza rimoti kwangu. Mvua ikapiga bati.

"Basi, hataki," akasema. "Mtu hataki mtoto wa mke, mke anafanya nini hapo?"

Naandika ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Jambo la kwanza lililonishika halikuwa huruma. Lilikuwa mtoto. Baada ya Ifrah nimemwomba Mungu miaka kumi, kwa dua na kwa daktari, nikaacha kuomba nikiwa na miaka thelathini na sita. Yeye amekuja Agosti na Novemba anabeba. Nilimtazama tumbo lililofichwa na kanga yangu, nikaichukia kanga.

Jambo la pili lilikuwa hesabu fupi: nikinyamaza, kesho ameondoka. Sihitaji kusema uongo hata mmoja. Na nina kiapo, nimeapa kwa Mungu nisiseme. Nani atanilaumu kwa kutunza kiapo?

"Vuta subira," nikamwambia. Ndiyo maneno yote niliyompa. Akaondoka kwenye mvua na kanga yangu. Rimoti nikaipokea.

Jumatano, 19 Novemba

Basi halikuondoka. Laga, mto wa msimu, imejaa, barabara ya Modogashe imekatika. Kerrow naye kakwama Hagadera, amenipigia simu: mbuzi salama, wanaume wote wamelowa.

Sikumwambia lolote.

Alhamisi, 20 Novemba

Barabara bado imekatika. Nimeswali nikashindwa kujua naomba nini. Nikiomba maji yapungue, naomba aende. Nikiomba yasipungue, naomba akae ili nipate siku nyingine ya kunyamaza. Nikasema amina bila dua.

Ifrah ameuliza kwa nini nina rimoti mbili.

Ijumaa, 21 Novemba

Jua. Malori ya mbuzi yamevuka laga, ya Kerrow bado. Basi la Mandera, atakalopanda Hani, litaondoka kesho alfajiri.

Kwa Hani haijawashwa siku tisa. Naangalia kila saa, kana kwamba kwenye simu kutatokea kitu cha kuniambia nifanye nini. Jioni nimekaa kwenye mto wa Kerrow, nikaliziba sikio la kushoto kwa kidole na kumwambia Ifrah aniongeleshe upande huo. Ameniuliza kama naumwa. Nikamwambia asome. Nilitaka kujua inakuwaje kuwa Kerrow. Nilipaswa kujaribu kuwa Hani.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefika steji ya mabasi kabla jua halijachomoza, kandambili moja imebaki kwenye matope huko nyuma. Injini ilikuwa inaunguruma. Hani alikuwa kiti cha tatu dirishani, mkeka wake uliokunjwa magotini, na kanga yangu kichwani. Kondakta akasema wa kusindikiza hawaingii. Nikamwambia mimi ni mwalimu, anipishe. Akanipisha.

Nikakaa kiti cha pembeni yake. Pumzi hazikunitosha, kwa hiyo nilisema vipande vipande, sikioni mwake.

"Hani. Kerrow ni kiziwi. Sikio la kushoto. Halisikii kabisa, tangu zamani. Wewe unakaa kushoto."

Akaisogeza kanga kutoka sikioni.

"Hakusikia habari ya mtoto. Hajakataa. Hajui. Alisikia ladha ya chumvi, basi."

"Kila siku nakaa bale," akasema polepole. "Karibu na jiko."

"Najua. Nilikuona."

"Ulijua?"

"Niliapa kwa Mungu nisimwambie mtu. Sasa nimekiuka." Hapo ningeweza kukomea, niwe mke mwema aliyevunja kiapo kwa ajili ya mwenzake. Watu wa basi walikuwa wanatutazama. "Lakini si kiapo kilichonizuia, Hani. Ningeweza kukwambia uhamie upande mwingine bila kusema kwa nini. Ni wivu. Nilikuwa na wivu, na bado ninao. Na spika ya kati haikuharibika. Niliizima mimi."

Akafunika uso kwa mkeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mabega yanatikisika, mama mmoja wa kiti cha nyuma akauliza kama mgonjwa apewe maji.

"Chumfi imezidi," akasema ndani ya mkeka. "Wallahi, mimi nikafikiri ni jibu."

Kondakta akapiga bati la basi. Hani akasimama, akanipa mkeka nibebe, akatangulia kushuka.

Tulikwenda moja kwa moja kwake. Nikawasha televisheni, nikafungua mpangilio wa sauti mbele ya macho yake, nikabofya. Kisha nikaendesha lile jaribio. Mwanamke wa Kizungu akataja pembe zote, na alipofika katikati Hani akageuka kumtafuta.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Kubonyeza moja? Na mimi wiki sita naangalia midomo?"

Hakupaza sauti. Aliingia jikoni akanipikia chai, akaniletea bila sukari hata chembe. Hapa kwetu hata adui hunyweshwa chai yenye sukari. Nikainywa yote mpaka majani. Baadaye tulihamisha mto wake kutoka upande wa jikoni tukauweka kulia kwa mto wa Kerrow, na bila mtu kumwuliza mwenzake tukausogeza kidogo karibu.

Jumatatu, 24 Novemba

Kiapo kikivunjwa kina kafara yake: kulisha maskini kumi. Nimepika tangu asubuhi, wali na nyama ya mbuzi, sufuria kubwa ya harusi. Wazee na akina mama waliohamishwa na mto wamekuja, wamekaa kwenye mkeka uani, kumi kamili. Ifrah aligawa sahani.

Kerrow amefika wakiwa katikati ya kula, matope mpaka magotini, kitambaa begani. Leo ni zamu yangu. Akasimama mlangoni, akawatazama wageni. Anajua dini kuliko mimi. Nilimwona anawahesabu, na nilimwona amemaliza. Na miaka yote hii, kiapo ni kimoja tu kati yetu.

Hakuuliza kwa mdomo, watu walikuwepo. Alikuja akasimama kushoto kwangu, yaani akanipa sikio lake zima, kama kawaida. Kisha akashusha kitambaa begani, akaufunika mkono wangu, na chini yake akanibana kama wanavyofanya sokoni. Kiganja kizima, mara mbili. Kumi?

Nikambana kiganja kizima, mara mbili. Kumi.

Kisha vidole vikatembea juu ya vyangu, vyepesi, vinauliza: wangapi? Wangapi wanajua?

Nikabana kidole kimoja.

Akaushika mkono wangu, akabaki ameushika. Nilingoja hasira. Alikuwa anatazama mkeka, wazee wanakula. "Hani," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo kuliko ya Hani.

"Ana neno la kukwambia. Alikwisha kulisema, hukulisikia. Nenda."

"Leo ni siku yako."

"Najua ni siku yangu! Nenda, Kerrow, kabla sijabadilika. Na usihame pale atakapokukalisha."

Akaondoka na matope yake, hakunywa hata chai. Nimeosha sahani kumi. Nimemwambia Ifrah nina mafua, kwa sababu ya macho yangu.

Saa kumi na mbili jioni nimeangalia simu. Kwa Hani haijawashwa. Saa moja, haijawashwa. Mtu aliyekaa Hagadera siku sita bila taarifa ya habari, anaingia nyumba yenye spika sita zinazolia, na hawashi.

Saa mbili kasoro nimeamua kuufunga ule mlango niliouacha kwenye kompyuta yake, nisiweze kuchungulia tena. Nimeandika amri, kidole kikabaki juu ya kitufe, nikajiruhusu kuangalia mara moja ya mwisho.

Haijawashwa. Wanaongea.